Siku moja maishani mwangu: kliniki ya ukuaji wa watoto waliopasuliwa wakiwa wachanga

Saa 1:30 asubuhi. Naanza na mafaili. Mtoto njiti naandika umri wake mara mbili: tangu kuzaliwa, na uliorekebishwa. Aliyezaliwa wiki ya 32 aliwahi kwa wiki 8, hivyo akitimiza miezi 8 napima kama wa miezi 6. Tunafanya hivyo hadi miaka 2. Ukiisahau hesabu hii, mtoto asiye na tatizo anaandikiwa kuchelewa.

Saa 2. Uzito, urefu, mzingo wa kichwa. Avuliwe nguo zote, na mfuko wa stoma (tundu la tumboni la kutolea kinyesi) umwagwe kwanza, la sivyo unapima kinyesi. Mwenye stoma ya utumbo mwembamba anayenyonya vizuri lakini haongezeki, naomba sodiamu ya mkojo kabla mtu hajayalaumu maziwa. Chumvi hupotea kupitia stoma, na ikipungua mwilini uzito hugoma hata umpe chakula kingi. Kipimo cha damu kinaweza kusoma sawa wakati huohuo, ndiyo maana wengi hupitwa.

Saa 3 hadi 5. Mkekani, mtoto akiwa macho na ameshiba. Kwa kundi hili, viungo ndivyo huchelewa mara nyingi zaidi kuliko akili, na sababu kubwa ninayoikuta ni hofu ya kovu: mtoto amelazwa chali miezi yote. Namvuta mikono taratibu aketi. Kwenye miezi 5 kichwa hakitakiwi kubaki nyuma. Kikibaki, "Mama, daktari wa upasuaji akisharuhusu, mlaze kwa tumbo juu ya kifua chako, dakika 2 au 3, mara kadhaa kwa siku." Iwe kabla ya kunyonya. Aliyeungwa umio (mrija wa chakula) hucheua sana, na akilalia tumbo likiwa limejaa atatapika, kisha zoezi linaachwa.

Waliopasuliwa ubavuni nawaangalia mgongo wazi, kila wanapokuja. Naweka kitu cha kuchezea katikati. Anayekifuata kwa mkono wa kushoto tu, huku kiwiko cha kulia kimebana mbavu zenye kovu, namhamishia kitu kulia nione bega likipanda. Bapa la bega likichomoza au uti ukianza kupinda, anakwenda kwa mtaalamu wa viungo siku hiyohiyo.

Kwenye kipimo cha Bayley, kinachopima ukuaji wa akili, lugha na viungo, wastani ni 100. Chini ya 85 anarudi mapema; chini ya 70 haondoki bila rufaa.

Saa 5:30. Kula. Siulizi, natazama akilishwa. Anayefunga mdomo na kugeuza uso kijiko kikiwa bado mbali anaogopa, kwa sababu alikaa muda mrefu akilishwa kwa mpira. Huyo anahitaji kuchezea chakula bila kulazimishwa. Anayefungua mdomo kwa njaa, kisha anakabwa, udenda unamtoka na tonge linarudi kama lilivyoingia, umio wake huenda umebana. Huyo ni wa daktari wa upasuaji. Mazoezi hayapanui umio.

Saa 7. Masikio. Waliozaliwa na ngiri ya kiwambo (tundu kwenye msuli unaotenganisha kifua na tumbo) wanaweza kufaulu kipimo cha uchangani na kupoteza usikivu baadaye, kwa hiyo tunarudia kila miezi 6 hadi miaka 3. Mtoto asiyetamka neno, masikio kwanza.

Saa 8:30. Karatasi ya nyumbani: zoezi moja, mawili yakizidi. Ukimwandikia mzazi sita, hafanyi hata moja.