Vifundo vilivyovimba, vinundu vya miguu na tezi za kifuani: sarkoidosi inapoanza kwa kishindo

Sarkoidosi ni maradhi yanayotokea pale chembe za kinga ya mwili zinapojikusanya na kufanya vijinundu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho, ambavyo madaktari huviita granuloma. Vijinundu hivyo vinaweza kuota karibu katika kiungo chochote, lakini mapafu na tezi za kifuani ndiko vinakoonekana zaidi. Sababu yake haijathibitishwa mpaka leo. Kinachoaminiwa ni kwamba mtu huzaliwa na maumbile yanayomweka karibu na maradhi haya, kisha jambo fulani katika mazingira likaiamsha kinga yake. Hayaambukizi, wala si saratani, na haya mawili nayatanguliza kwa makusudi, kwa sababu ndiyo yaliyotunyima usingizi nyumbani kwetu pale wifi yangu, mwalimu wa skuli huko Wete, alipougua.

Mara nyingi sarkoidosi hujengeka polepole, kwa kikohozi kikavu, pumzi fupi na uchovu usioelezeka. Iko aina nyengine, hata hivyo, ambayo huanza ghafla, na hii imepewa jina la daktari wa Kiswidi, Sven Löfgren, aliyeieleza katika mwaka 1946. Alama zake ni tatu: vinundu vyenye maumivu kwenye miundi ya miguu, uvimbe wa viungo, hasa vifundo vya miguu yote miwili, na tezi zilizokua katika pande zote mbili za mizizi ya mapafu, ambazo huonekana kwenye picha ya kifua. Aghlabu huambatana na homa. Kwa wanawake vinundu ndivyo hujitokeza zaidi, ilhali kwa wanaume huwa ni maumivu ya vifundo.

Vitabu vingi husema kwamba vinundu hivyo ni vyekundu. Maelezo hayo yameandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Juu ya ngozi zetu huonekana vyeusi zaidi ya ngozi iliyovizunguka, au rangi ya zambarau, na pengine rangi isibadilike sana, ila mkono ukipita juu yake huhisi ugumu na joto, na mgonjwa hushtuka kwa maumivu. Kwa wifi yangu, nguo ya kulalia tu ikigusa muundi ilikuwa adhabu. Kwa kawaida vinundu hivi havipasuki wala havitoi usaha, na hufifia baada ya wiki kadhaa vikiacha alama kama ya jeraha la kugongwa, ambayo nayo huondoka.

Watu wazima wa nyumbani walisema ni baridi yabisi, na akachuliwa mafuta kwa siku nyingi. Siwalaumu, kwani vifundo vilivyovimba vinafanana na mambo mengi. Ugumu mkubwa zaidi ulikuja baada ya picha ya kifua, kwa sababu katika nchi yetu tezi zilizovimba kifuani, pamoja na homa, jambo la kwanza linalopita katika akili ya kila mtu ni kifua kikuu, na ni sawa kabisa lipite. Kifua kikuu ni maradhi ya kawaida kwetu, nacho pia hufanya granuloma, nacho pia kinaweza kuleta vinundu vilevile vya miguuni. Tofauti zipo, lakini si za kukatia shauri kwa kutazama mara moja: kifua kikuu huelekea kukuza tezi za upande mmoja, na chini ya darubini granuloma zake huwa na kiini kilichooza, ilhali za sarkoidosi kwa kawaida hazina. Kwa hivyo daktari makini hupima makohozi kwa mashine ya kutambua vijidudu vya kifua kikuu, hupima virusi vya Ukimwi, na huuliza habari za maambukizo ya koo na za dawa alizotumia mgonjwa, maana hayo nayo yanaweza kuleta vinundu.

Watu wengi hudhani kwamba ni lazima ikatwe nyama ndipo maradhi yajulikane. Alama zote tatu zikikutana, madaktari wengi wa mapafu huona kwamba zinatosha bila ya kukata, almuradi maradhi mengine yameshaondolewa shaka. Kukata kinundu cha muundi hakusaidii sana hata hivyo, kwani ndani yake hakukutwi granuloma bali uvimbe wa mafuta yaliyo chini ya ngozi. Shaka ikibaki, tezi ya kifuani ndiyo inayochukuliwa sampuli.

Matibabu yenyewe ni mepesi kuliko jina la maradhi. Wagonjwa wengi hupona wenyewe katika muda wa miezi kadhaa mpaka miaka miwili, kwa hivyo lengo ni kupunguza maumivu wakati mwili unajitengeneza: kupumzika, kuinua miguu, na dawa za kutuliza uvimbe kama ibuprofeni au naprokseni, ambazo huliwa baada ya chakula na hazimfai mwenye vidonda vya tumbo au maradhi ya figo. Wifi yangu alikuwa akisali juu ya kiti, kwa vile hakuweza kukunja vifundo katika kikao. Maumivu yakishinda dawa hizo, daktari huweza kutoa prednisoloni kwa kipimo kidogo na kwa muda mfupi, kisha akaipunguza hatua kwa hatua.

Hapa naomba niseme kwa mkazo, kwa sababu prednisoloni huleta nafuu ya haraka na watu hushawishika kuinunua wenyewe dukani. Dawa hii hupandisha sukari na shinikizo la damu, huufunika ukweli wa maradhi ambayo hayajatambuliwa, na mtu akiwa na kifua kikuu kilichojificha inaweza kukiamsha. Aliyeitumia kwa wiki nyingi haruhusiwi kuiacha ghafla. Mwezi wa Ramadhani unapokaribia, mgonjwa azungumze na daktari wake mapema kuhusu kufunga na saa za kumeza dawa, asijipangie mwenyewe.

Jambo jengine ni vidonge vya vitamini D na kalsiamu, ambavyo watu hupeana kwa nia njema pindi mtu analalamika viungo. Chembe za granuloma huigeuza vitamini D kuwa katika hali yake ya nguvu, na kalsiamu ya damu ikapanda hadi kudhuru figo. Visitumike kabla ya damu kupimwa.

Kupona kwa wepesi kumeandikwa hasa kwa watu wa Ulaya ya Kaskazini, ambao wengi wao hurithi alama maalumu ya kinga inayoambatana na aina hii. Kwa watu weusi waliochunguzwa Marekani, aina ya ghafla ni adimu na ile ya kudumu ni nyingi zaidi. Ndiyo maana kwetu ufuatiliaji usiachwe hata maumivu yakiisha: picha ya kifua irudiwe baada ya miezi kadhaa, macho yapimwe na mtaalamu, umeme wa moyo uangaliwe, na kalsiamu na figo vipimwe. Picha ya kwanza itunzwe nyumbani ili ya pili ilinganishwe nayo. Na ikiwa jicho litauma au kuona ukungu, pumzi ikawa fupi, moyo ukaenda mbio au mtu akazimia, asingoje tarehe aliyopangiwa, bali aende hospitali siku hiyohiyo.