Mimi siishi naye, mama

Maneno manne tu, na tangu Jumanne yananizunguka kichwani. Kayasema yule binti mshauri ninayemwendea, rika moja na kitinda mimba wangu, tena kwa upole, na nadhani upole ndio ulioniumiza. Angenikaripia ningemkasirikia, yakaisha.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo: mdogo wangu kapasuliwa goti na anaendelea vizuri, Neema kapandishwa cheo, mafundi wamemaliza paa. Mimi bado nimekaa kwenye kile kiti cha mshauri, kile chenye uzi uliochomoka mkononi.

Nilikuwa nimemwambia jambo ambalo hata hapa sijawahi kuliandika. Nikisikia gari la Baba Neema getini, nazima taa ya sebuleni, nakimbilia kitandani na kujifunika shuka hadi masikioni. Kisa ni swali lake. Tangu nistaafu, akiingia tu: "Leo umefanya nini?" Zamani ningemjibu mpaka achoke. Siku hizi nalisikia kama ukaguzi.

"Baba Neema analijua hili?" mshauri akaniuliza.

"Si nakwambia wewe."

"Nakusikia. Ila mimi siishi naye, mama."

Akaifunika kalamu, akanyamaza. Kikao ni dakika 50 na zilikuwa zimebaki kama tano. Zote nilizimaliza nikiuvuta ule uzi.

Jumanne usiku nilisikia kwamba ananifukuza. Jumatano asubuhi nikasikia kejeli. Na lile "mama" la mwisho, lilikuwa la heshima au la kunisukuma? Nimemjibu sana tangu hapo, nikiosha vyombo: kama wewe si wa kuambiwa, kazi yako ni nini? Watu huniuliza anashauri nini. Hashauri kitu. Anauliza, halafu anasubiri, na kusubiri kwake ndiko kazi yenyewe.

Halafu nikakumbuka kuwa aliwahi kunieleza habari ya pembetatu, fundisho la Murray Bowen, daktari wa akili wa Marekani. Wawili wakibanana, humvuta wa tatu ili joto lipungue. Wa tatu anaweza kuwa mtoto, hata mshauri mwenyewe. Siku ile niliitikia kwa kichwa huku nikimfikiria wifi yangu, kwamba huyu anamfaa kabisa. Kumbe! Sisi wawili tumeongea kupitia kitinda mimba miaka nenda rudi: mwambie baba yako, muulize mama yako. Kaondoka Januari. Machi nikaanza kwenda kwa mshauri.

Hapo nikatoa ile karatasi aliyonipa, orodha ya Holmes na Rahe ya 1967. Matukio 43 ya maisha, kila moja na alama kulingana na jinsi linavyomlazimu mtu kujipanga upya. Kufiwa na mwenzi ni 100, talaka 73. Kustaafu 45, mtoto kuondoka nyumbani 29. Nikajumlisha yangu mawili: 74. Nimeipita talaka kwa alama moja na mume bado ninaye! Nilicheka peke yangu jikoni. (Alinionya kwamba si kipimo cha ndoa. Najua, lakini niachieni kicheko changu.)

Basi Alhamisi gari likaingia, na mkono wangu ukaenda kwenye swichi wenyewe. Nikaurudisha. Akaingia, akashangaa taa, akaanza kuvua viatu.

"Leo umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Na hilo swali linanikimbiza kitandani kila siku. Huwa silali, najifanya."

Hakuinua kichwa, anahangaika na kamba ya kiatu. "Najua."

"Unajuaje?"

"Hukoromi."

Miezi yote hiyo! Mtu anapita kwa kunyata, anazima simu yake, ananiachia giza langu, na anajua. Nikamuuliza mbona hakusema. Akasema alidhani nataka kuachwa, na lile swali huuliza kwa kuwa hajui la kuanzia tangu mtoto aondoke. Tulikaa hadi saa sita, nusu ya muda kimya. Sijui Jumanne nitamwambia nini yule binti. Huenda nisimwambie.

Ila jino la nyuma, lile lililozibwa mwaka jana, limeanza tena. Maji ya baridi tu na naruka. Nikigusa kwa ulimi nahisi kama kuna ukingo uliomeguka, na daktari wangu wa meno yuko likizo mpaka mwisho wa mwezi.