Watu wanatafuta dakika, mimi nina mikanda

Dukani kwangu hapa Chikongola, mjini Mtwara, hakuna mteja aliyewahi kuniomba faili. Wanaomba dakika. Kijana anataka pale marehemu baba yake alipomkabidhi dada yake kwa mume. Katibu wa chama cha msingi anataka pale wanachama walipoikataa bei ya mnada. Mwalimu kutoka Newala anamtaka yule mzee aliyeeleza jinsi watu walivyokuwa wakishuka bondeni usiku kuteka maji, kabla mabomba hayajafika huko juu. Kila mmoja anakumbuka sauti, kitenge, au mvua iliyonyesha siku ile. Jina la mkanda hawalijui, na sioni kwa nini walijue.

Mikanda yenyewe ni ya mjomba. Ameshuti harusi, ngoma, mikutano na misiba kuanzia Mikindani hadi Nanyamba, Tandahimba na Newala, kwanza kwa VHS, baadaye MiniDV, ile mikanda midogo ya kidijitali, mwishoni kadi. Macho yalipoanza kumsumbua akanikabidhi vyote. Kwetu mali ya mjomba kumfikia mpwa ni jambo la kawaida, ila mali hii inadaiwa na watu wengi. Juu ya maganda kumeandikwa HARUSI, HARUSI KUBWA, NGOMA, MKUTANO. Basi.

Watu wengi wakisikia "kuhifadhi video" wanafikiria kuhamisha tu. Kuhamisha ni lazima, tena haraka. UNESCO na chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti na picha, IASA, walishatoa tahadhari kuwa baada ya mwaka 2025 sehemu kubwa ya mikanda ya sumaku duniani haitasomeka tena, hasa kwa sababu deki za kuichezea zinakwisha pamoja na mafundi wake. Lakini mkanda uliohamishiwa kwenye diski na kupewa jina HARUSI_KUBWA bado umefungwa kama ulivyokuwa kwenye ganda. Saa moja ya MiniDV inakula takribani GB 13. Jaza diski kwa faili za namna hiyo uone kama utampata yule mzee wa maji.

Kuna jambo dogo la MiniDV ambalo ningependa kila fundi wa Mtwara na Lindi alijue. Kamera hizo zinaandika tarehe na saa ndani ya mkanda, sambamba na picha, bila kuonekana kwenye skrini. Ukihamisha kwa waya wa FireWire, ule wa kidijitali unaotoka kwenye kamera hadi kompyuta, tarehe inakuja nayo. Ukihamisha kwa zile waya za njano, nyekundu na nyeupe, picha na sauti vinafika, tarehe inabaki nyuma. Wapo wanaowahamishia watu mikanda kwa waya hizo, mteja anapewa fleshi, mkanda unakwenda jalalani. Inaniuma kwa sababu tarehe ndiyo uzi wa kwanza wa kuunganisha. Saa ya kamera ikiwa imesetiwa sawa, mikanda miwili ya siku moja inajitambulisha yenyewe kuwa ndugu, hata kama mmoja ulikaa Mikindani na mwingine Tandahimba.

Hatua inayofuata ni kuukata mkanda vipande, kwa kumbukumbu tu, bila kugusa faili. Video ya hapa kwetu ina picha 25 kwa sekunde, kwa hiyo saa moja ni picha 90,000. Programu inalinganisha rangi za kila picha na inayofuata. Mjomba akizima kamera uwanjani na kuiwasha jikoni, rangi zinaruka ghafla, na programu inaweka alama pale. Kwa kila kipande inachukua picha moja ya kukiwakilisha. Kwa mara ya kwanza unaiona harusi yenye urefu wa saa tatu kwenye ukurasa mmoja, kwa kuitupia jicho tu.

Kazi ngumu ni maneno. Programu ya Whisper, iliyotolewa na OpenAI mwaka 2022, ndiyo ninayoitumia kuandika kinachosemwa, kila sentensi na sekunde yake. Ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, sehemu kubwa Kiingereza; saa kama 117,000 zimegawanywa kwa lugha nyingine 96, na Kiswahili kimo. Kimakonde hakimo. Kimwera na Kiyao havimo. Sasa msikilize mshereheshaji wa Newala: anaanza kwa Kiswahili, anachombeza kwa Kimakonde, anarudi, na nyuma yake ngoma hazijanyamaza. Mikindani imeandikwa "mkinda ndani". Nanyamba imekuwa "na nyumba". Mapiko, ngoma yetu ya vinyago, yamekuwa "mapigo". Na kangomba, ile biashara ya kuwalangua wakulima korosho kabla ya msimu, kwenye mkutano mzima wa chama cha msingi imeandikwa "ka ngoma". Katibu akija kutafuta kangomba anaambiwa hakuna, na wakati huohuo wazee wameisema hadi mapovu yakawatoka.

Dawa niliyoiona inafaa ni kutotafuta neno zima. Unalivunja vipande vya herufi tatu tatu: kan, ang, ngo, gom, omb, mba. Andiko lililokosewa bado litakuwa na ngo na gom, basi linapanda juu kwenye majibu, na mimi nalisikiliza kuhakikisha. Njia hiyohiyo inatusaidia kwa vitenzi vyetu. Anayetafuta "kuimba" anawataka pia walioimba, wanaimba na tutaimba, na mashine inayolinganisha neno kwa neno haiwezi kumpa. Orodha ya majina ya vijiji na ngoma nayo naiweka pembeni, programu ikiwa na shaka ianzie hapo. Mjomba ndiye mwenye orodha hiyo. Juzi tulikwama kwenye mpiga ngoma aliyegeuzia kamera mgongo.

"Mjomba, huyu nani?"

"Mpwa wangu, uso wa nini? Ongeza sauti." Akasikiliza akiwa amefumba macho, kisha akamtaja, akataja na kijiji.

Hakuna programu ninayoijua inayofanya hivyo kwa ngoma za kusini. Kwa hiyo jibu lake nimeliandika palepale, kwenye dakika ileile, pamoja na maneno "kwa kumbukumbu ya mpigapicha", ili anayekuja kesho ajue jina limetoka wapi.

Kutafuta ni nusu tu. Nusu nyingine, ninayoipenda zaidi, ni kuunganisha: mtu yupo kwenye kipande kimoja, umpe njia ya kwenda kwenye kipande kingine cha mkanda mwingine kinachohusiana nacho. Watafiti wameihangaikia kazi hii kwa miaka. Mashindano ya watafiti yaitwayo MediaEval yaliyatumia matangazo ya BBC, zaidi ya saa elfu moja, na baadaye kazi ikahamia TRECVID, mashindano mengine ya kutafuta ndani ya video, yanayoendeshwa na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Pale unapewa kipande cha kuanzia, kisha mfumo wako utafute vipande vya kufikia, vifupi. Huruhusiwi kumrushia mtu kipindi kizima ukamwambia kipande kimo humo. Sharti hilo ndilo nimelichukua kwa ajili ya mikanda ya mjomba.

Swali ni kipi kinahusiana na kipi. Ukiunganisha kwa maneno yanayofanana tu utaunganisha kila kitu na kila kitu. Neno korosho lipo karibu katika kila mkanda wetu. Hata kwenye harusi mtoa mahari anakumbushwa kuwa msimu ulikuwa mzuri. Mwaka 1972 mtafiti wa Uingereza, Karen Spärck Jones, alionyesha kwamba neno linaloonekana katika maandishi machache lipewe uzito mkubwa kuliko lililotapakaa kote. Ukiitumia kanuni hiyo hapa, korosho inakuwa nyepesi na kangomba inakuwa nzito, na ghafla mkutano wa chama cha msingi unaunganishwa na mama mmoja kwenye hafla ya arobaini akieleza marehemu mumewe alivyouza mavuno yote yangali mtini. Mikanda miwili ambayo mjomba mwenyewe hakuwahi kuifikiria pamoja. Katibu alipokiona kipande cha yule mama aliomba nikirudie, kisha akauliza kama yuko hai.

Lakini yapo mambo yasiyo kwenye maneno. Tunao mkanda wa fundi anayechonga kinyago cha mapiko. Anaongea muda wote, na ukisoma maandishi yake hupati kitu: "hapa nakata hivi, unaona, halafu narudi huku, tazama." Chombo hakitaji, mti hautaji. Mwaka 2016 TRECVID walichagua vipande vya kuanzia vya namna hii kwa makusudi, pale msemaji anapowaambia watu watazame, kwa sababu hapo ndipo sauti na picha zinapotegemeana. Nikafanya vivyo hivyo: nikatafuta "unaona", "tazama", "kama hivi" kwenye mikanda yote. Nikampata bibi akionyesha kusuka mkeka, kijana akionyesha kubangua korosho bila kuungua mikono kwa mafuta ya ganda, na fundi mwingine wa mapiko, mkanda mwingine kabisa, akimalizia kinyago kwa kubandika nywele. Picha zao nimeziunganisha kwa mkono. Sasa anayemtazama fundi wa kwanza akikata anaweza kuvuka moja kwa moja kumwona wa pili akibandika.

Kiungo chenyewe ni chepesi kuliko watu wanavyodhani. Tangu mwaka 2012 W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, wana kanuni rasmi ya kuandika dakika ndani ya anwani ya video. Mwisho wa anwani unaongeza #t=1110,1185, na kivinjari kinaanzia dakika ya 18 na nusu na kusimama baada ya sekunde 75. Faili halikatwi wala halinakiliwi, na kwa bando zetu hilo si dogo.

Nifike kwenye ninachokitilia mkazo kuliko vyote. Viungo vingine havitakiwi kuwepo. Kwenye masanduku haya mna mikanda ya unyago iliyoshutiwa na shangazi kwa kamera ya mjomba, akina mama wenyewe wakiridhia, kwa ajili yao wenyewe. Mna sherehe za vijana kutoka jandoni, nao ni watoto. Programu ya kutambua nyuso ingeweza kumchukua binti wa leo kwenye harusi yake na kumuunganisha na siku yake ya unyago kwa sekunde moja. Sitaiwasha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inanipa sababu ya kisheria, ila hata isingekuwepo, yaliyofundishwa ndani hayatoki nje kwa sababu kompyuta imeona uso. Mikanda hiyo ina diski yake, haimo kwenye utafutaji, na anayeishika ni shangazi. Mimi sijaitazama.

Kwa sasa ninamalizia mikutano ya korosho, kuanzia ile ya miaka ya mwanzo ya mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioletwa mkoani kwetu mwaka 2007. Naomba msaada wa aina mbili. Mwenye deki ya MiniDV inayozunguka vizuri, hata ya kukodisha, anitafute dukani. Na mwenye mikanda yake, iwe ya Lindi, Masasi au Kilwa, aje nayo pamoja na mtu mzima wa familia anayewajua waliomo, tukae naye kabla hatujaanza kuhamisha. Waya wa FireWire ninao. Na mkanda, hata ukishakwisha kuhamishwa, usitupe.