Vidole vinachezacheza

Leo mchana kliniki kaletwa mjusi-ndevu wa miezi minane, wale wa asili ya Australia. Anakula, macho maang'avu.

Ila vidole vya miguu ya nyuma vinachezacheza vyenyewe, hata akiwa ametulia.

Ukigusa taya la chini taratibu, linabonyea kama mpira.

Ni upungufu wa kalsiamu, mifupa inalainika. Na nyenje anaolishwa wanapakwa unga wa kalsiamu vizuri tu! Kosa ni taa: imefungwa nje ya kioo cha kizimba chake, na kioo huzuia miale ya UVB, ile miale isiyoonekana iliyomo kwenye jua. Bila miale hiyo mwili hautengenezi vitamini D3, basi kalsiamu inapita tu tumboni.

Taa ndefu ya UVB, iliyoandikwa asilimia 10 hadi 12, iwe ndani, kama sentimita 30 juu ya anapoota joto. Ibadilishwe kila mwaka hata kama bado inawaka. Mwanga hubaki, miale hufifia. Pa kuotea joto, nyuzi 38 hadi 42.

Mchicha upunguzeni, hufunga kalsiamu. Sukuma wiki ni bora.

Keshapigwa eksirei, dawa kaanza. Taya likishapinda halinyooki.

Mnaofuga, taa zenu mmezifunga wapi? Tupieni picha hapa tuzione.