Vifungo viwili, upande wa kushoto

Binti wa kaka yangu yuko hapa Bombo, Uganda, tangu Ijumaa, na amekuja amevaa nyuzi. Yaani blauzi ya krosheti, rangi ya embe bivu, aliyoifuma mwenyewe chumbani kwake Ntinda, Kampala, kwa kutazama video kwenye simu. Nilipoiona nilicheka mpaka akanuna. Si kwamba ni mbaya. Ni kwamba mwaka 1992 kitu kama hicho kilikuwa kinafunika redio ya bibi, na vingine kama hicho vililala juu ya kila kiti sebuleni, na sisi watoto tuliona haya wageni wa Kampala walipokuja. Tuliamini watu wenye pesa hawavishi viti nguo. Leo wasichana wa mjini wanakivaa kifuani na kukiuza kwa bei ya jogoo wawili.

Basi tukaingia kwenye maneno ya kushona, na ndiyo maana siku mbili hizi usingizi wangu umekuwa wa vipande vipande.

Bibi mzaa mama alikuwa fundi. Wanawake wengi wa Kinubi hapa Bombo walisifika kwa tabaga, zile sinia za kusuka zenye rangi kama moto, na kwa mashuka ya kutarizi. Bibi alijua yote hayo, lakini mkate wake ulitoka kwenye cherehani. Ilikuwa Singer nyeusi ya mkono, maandishi yake ya dhahabu yamefutwa na viganja mpaka yakabaki INGE tu. Aliinunua dukani kwa Mhindi kabla ya 1972, ule mwaka ambao Rais Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka. Mwaka 1979 Amin mwenyewe akaanguka, ikawa zamu yetu Wanubi, tuliohesabiwa watu wake, kukimbia. Bibi aliacha kitanda, aliacha mbuzi, akaifunga cherehani kwenye shuka na kuibeba kichwani, chuma kizito kama mtoto aliyeanza kukimbia. Ilimlisha ugenini, na waliporudi ilirudi nayo. Nilipopata akili ya kukumbuka mambo niliikuta barazani, juu ya meza iliyopungua mguu mmoja.

Bombo ni mji wa kambi ya jeshi, kwa hiyo asubuhi walikuja maafande. "Mama fundi, nipunguzie hapa kiunoni." "Mama fundi, hii kola imekufa." Kola iliyokufa bibi aliifufua. Aliifumua kutoka shingoni, akaigeuza upande uliochakaa ukaenda chini, akaishona tena, na shati likaishi miaka mingine miwili. Mchana walikuja akina mama wa Kiganda, na hao walitaka gomesi, lile gauni refu la sherehe.

Gomesi ina hadithi ninayoipenda. Inasemekana jina hilo ni la fundi wa Kigoa, Gomes, aliyekuwa na cherehani yake Kampala mwanzoni mwa karne iliyopita. Kila harusi ya Buganda inamtaja bila kujua. Ni mafundi wangapi wamepata hiyo? Bibi alisema Gomes alikuwa na bahati, maana wapo walioshona vizuri kuliko yeye na leo majina yao hayapo hata kwenye leso. Sijui alimwona wapi huyo Gomes akishona, lakini hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Kitambaa cha gomesi ni kingi, huweza kufika mita sita. Mabega yanasimama yamechongoka, mshipi mpana unafungwa chini ya kiuno, ndani kuna kikoyi ili nguo isishike mwili. Shingoni kuna vifungo viwili, upande wa kushoto. Hivyo vifungo vilikuwa kazi yangu. Kazi nyingine zilikuwa kutia uzi kwenye sindano, kwa sababu macho ya bibi yalikuwa yameanza kumsaliti, na kuokota pini sakafuni kwa sumaku tuliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Vipande vilivyobaki vilikuwa vyangu. Mwanasesere wangu wa maganda ya mgomba alikuwa na nguo za satini kuliko mtu yeyote kwenye ukoo.

Sasa, ile siku. Mama yangu alishonewa gomesi ya satini, kijani cha jani la mgomba, kwa ajili ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, ya binti wa jirani. Bibi aliitandaza mkekani, akanipa vifungo, akaenda kuswali. Niliitazama nguo, nikatafuta kushoto, nikashona. Nilishona vizuri sana, vifungo vya watu wazima. Tatizo ni kwamba nilifuata kushoto kwangu mimi niliyeitazama, si kushoto kwa atakayeivaa. Bibi alirudi, akasimama, akavua miwani, akaivaa tena.

Hakunipiga. Alinipa wembe. "Fumua, mama," akasema, kwa ile sauti ya upole niliyoiogopa kuliko fimbo. Taa ya mafuta ikawashwa, nami nikafumua, machozi yakidondokea satini, mpaka mkono ukateleza. Wembe ukala kitambaa, mkato wa ukubwa wa punje ya mchele, karibu na bega la kulia. Hapo bibi akanisogeza pembeni, akachomoa uzi kwenye pindo la nguo ileile na kuanza kuitililia, uzi mmoja juu, mmoja chini, kama mtu anayesuka mkeka wa siafu. Siku ya sherehe mama alitupia shela begani, akaenda. Hajawahi kuniambia neno kuhusu jambo hilo, mpaka tukamzika.

Kuanzia siku hiyo bibi alinifunza kufumua kabla ya kunifunza kitu kingine chochote. Nusu ya wembe, imefungwa kitambaa upande mmoja ili isikule wewe. Upande wa juu unakata mshono mmoja, unaacha mitatu, unakata, unaacha mitatu, mpaka mwisho. Halafu unageuza nguo, unashika uzi wa chini, unavuta taratibu. Kama umekata vizuri, unatoka wote mzima, mrefu, na vipande viwili vinaachana bila ugomvi. Uzi ule hautupwi. Bibi alikuwa na kopo la maziwa limejaa nyuzi zilizokwisha kufanya kazi mara moja.

Mambo haya yanarudi sasa, nami ninafurahi, ingawa mimi ni mtu wa kunung'unika. Kampala kuna mbunifu Bobby Kolade, anayechukua mivumba, yaani mitumba, anaipasua, anaiunga upya na kuirudisha ng'ambo ilikotoka. Kazi hiyo ameiita Return to Sender, yaani Mrudishie Aliyetuma, jina ambalo bibi angelipenda kama angelitafsiriwa. Nguo ya gome la mti wa mutuba nayo, ambayo tulizoea kuiona kwenye mazishi, UNESCO iliutaja utengenezaji wake mwaka 2005 kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa binadamu, na wabunifu wanaikata makoti na mikoba. Ukitazama kitambaa cha gome kwa karibu utaona viraka. Gome likitoboka wakati wa kupondwa, fundi analiziba kwa kipande kingine na kukishona kwa mkono, na hafichi.

Kinachonikera ni zile video. Zinaonyesha shati kuukuu, halafu muziki, halafu gauni. Katikati hapo, ambapo mtu anakaa saa tatu na mgongo unauma, wanapapitisha kwa sekunde mbili. Nilimwambia mgeni wangu hivyo. Akasema, "Shangazi, basi nifundishe hizo saa tatu."

Jumamosi tukaitoa cherehani chini ya kitanda. Nikaipaka mafuta, nikatia uzi wa juu, nikakipachika kile kichuma chenye umbo la mashua kinachobeba uzi wa chini, nikazungusha mkono kwa mbwembwe zote. Ikaruka mishono. Nikabadili uzi, ikaruka. Nikalaumu mafuta, nikalaumu uzi wa siku hizi, nikaanza kuwalaumu Wachina. Mtoto akainama, akatazama, akasema sindano nimeiweka imegeuka, ule upande bapa unatazama kusiko. Aliona kwenye video. Nimeandika hapa kwa sababu angeisimulia mwenyewe.

Leo asubuhi nikafungua sanduku la bati. Gomesi ya kijani imo, kwapani imeoza kwa miaka na jasho, lakini sehemu za chini bado nzima. Nilimpigia kaka simu. Akanyamaza kidogo, akasema mama hakuwa mtu wa kupenda vitu vikae bure. Basi itakuwa koti.

Tulikaa mkekani, kila mtu na nusu ya wembe. Yeye alianza na mshipi, mimi pindo. Ana mkono mwepesi, anakata mmoja na kuacha mitatu bila kuambiwa mara ya pili, na nyuzi anaziweka kwenye kikombe. Alipofika juu akasita, akaileta nguo karibu na dirisha.

"Shangazi, hapa begani mende walikula?"

Nikavaa miwani, nikatazama.

"Ndiyo," nikamwambia. "Mende mmoja, mdogo."