Usiku mmoja wa ryokan kwa wanandoa

Mnaotaka kuadhimisha miaka ya ndoa Japani, laleni angalau usiku mmoja kwenye ryokan, nyumba ya wageni ya jadi. Hakone, mji wenye ryokan nyingi, si mbali na Tokyo. Bei kwa kawaida huandikwa kwa kila mtu, si kwa chumba. Hapo ndipo wengi hupiga hesabu nusu. Fikeni saa 9 alasiri. Chakula cha jioni huanza saa 12 au saa 1, na mkichelewa sana mnaweza kukikosa.

Vazi la yukata, joho jepesi la wageni hapo: upande wa kushoto uwe juu ya wa kulia. Kinyume chake ndivyo anavyovalishwa maiti! Viatu huvuliwa mlangoni, na hata ndara za ndani hazikanyagi mkeka wa tatami.

Onsen, bafu la maji ya chemchemi ya moto, huingiwa bila nguo, wanaume kwao, wanawake kwao. Oga kwa sabuni kwanza ukiwa umeketi, taulo isiguse maji. Mkitaka kuoga wawili, ulizieni bafu la faragha.

Kwa Waislamu: sosi nyingi zina mirin au sake, pombe za mchele. Semeni mapema mnapoweka nafasi, mezani mmeshachelewa. Bahashishi? Hawana desturi hiyo.