Meno ya sungura: usiishie kutazama ya mbele

Inua mdomo wa juu wa sungura, utaona meno mawili marefu. Sasa mtazame kwa ubavuni: nyuma ya hayo mawili kuna mengine mawili madogo kama njiti, na taya likifungwa, ncha za meno ya chini huegemea hapo. Panya hana hayo madogo. Ndiyo alama mojawapo inayomtenga sungura na wagugunaji, ingawa wengi bado humweka kundi moja na panya. Sungura ana meno 28, panya 16. Chonge hawana wote wawili.

Meno ya mbele ya panya hukua maisha yote, magego yake hukoma. Ya sungura hayakomi, mbele wala nyuma. Ya mbele hurefuka kama milimita 2 kwa wiki, na hapo ndipo wafugaji hudanganyika: hutupia kijiti cha kuguguna bandani wakidhani kazi ya kupunguza meno imekwisha. Kijiti hakifiki kwenye magego. Magego husagana yenyewe kwa yenyewe, taya la chini likienda upande kwa upande, na nyasi ndizo zinazolazimisha mwendo huo kwa saa nyingi. Peleti (chakula cha kiwandani kilichoshindiliwa vipande vidogo) na pumba humshibisha upesi, taya likiwa halijafanya kazi.

Kwa kuwa safu ya magego ya chini ni nyembamba kuliko ya juu, yasiposagika sawasawa huota ncha kali: ya chini huchoma ulimi, ya juu huchoma shavu. Sungura husogelea chakula, akakiacha. Kidevu hulowa mate, jicho hutoa machozi, kinyesi huwa kidogo na vipunje vyake husinyaa. Akipitisha saa 12 bila kula, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, maana utumbo wake ukisimama atakufa.

Tafadhali usikate meno kwa koleo wala kikatio cha kucha. Jino hupasuka kwa urefu hadi kwenye kiini, usaha ukaingia mzizini, na jipu la taya la sungura ni gumu mno kutibu. Daktari husaga kwa mashine ndogo. Kwa magego humpa usingizi kwanza.

Nyasi kavu zisikosekane usiku na mchana. Peleti, kwa mkubwa asiyenyonyesha, zisizidi gramu 25 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Meno ya mbele yakague kila wiki, na aliyezaliwa na taya lisilolingana usimpandishe.